Je, Wajua? Majilio, toka mashimo ya Omate hadi kilele cha Kilimanjaro

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu, leo nina mengi na Noeli haimngoji mtu. Je, wajua kwamba Kanisa halifungui mwaka wake tarehe 1 Januari? Mwaka mpya wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, wiki nne hivi kabla ya Noeli. Kwa hiyo ukimtakia padri wako heri ya mwaka mpya mwishoni mwa Novemba, asidhani umepitia kwenye kasiksi.

Na hizo wiki nne ni nne za jina tu! Majilio hufika siku 28 Noeli inapoangukia Dominika, na hushuka hadi 22 inapoangukia Jumatatu. Mwaka 2023 ilikuwa hivyo: asubuhi ya tarehe 24 Desemba Dominika ya nne ya Majilio, jioni yake mkesha wa Noeli. Waulize wanakorali, sauti ziliwakauka.

Kanuni yenyewe ni hii. Tafuta tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, kisha chukua Dominika iliyo karibu nayo zaidi. Haitangulii 27 Novemba, haivuki 3 Desemba. Sasa unaweza kuipangia parokia kalenda hadi uzeeni.

Ile mishumaa minne inayowashwa mmoja mmoja kila Dominika, ulifikiri ilitoka Roma? Wala! Aliyeianzisha ni mchungaji wa Kilutheri wa mjini Hamburg, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839. Alikuwa akilea watoto maskini katika nyumba iliyoitwa Rauhes Haus, nao kila kukicha walimsumbua: Noeli ni kesho? Mchungaji akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo 20 myekundu na mikubwa 4 myeupe. Siku ya kawaida unawashwa mdogo mmoja, Dominika unawashwa mkubwa mmoja, na kila mtoto anajihesabia mwenyewe. Hebu jumlisha: 20 na 4 ni 24, na mwaka ule Majilio yalianza tarehe 1 Desemba, yakawa na siku 24 kamili. Mzee alikuwa na hesabu zake!

Wakatoliki wakaja nyuma taratibu. Shada la kwanza la mishumaa hiyo katika kanisa la Kikatoliki lilitundikwa Köln, Ujerumani, mwaka 1925, yaani miaka 86 baada ya lile gurudumu.

Na mbali na mishumaa kulikuwa na chaki. Familia za Kijerumani zilichora mistari 24 mlangoni, mtoto akafuta mmoja kila siku hadi mlango ukabaki mtupu. Kalenda za kuchapwa zenye vidirisha zilifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Za leo zimejaa chokoleti na bei yake inauma. Chaki bado ni rahisi.

Sasa shika hii. Katikati ya Desemba, Hamburg hupata mwanga wa jua kwa saa 7 na nusu tu, na jua huzama saa 10 jioni. Walikale, kwetu Kivu ya Kaskazini, iko karibu kabisa na ikweta, mchana wake ni saa 12 mwaka mzima, Desemba kama Juni. Hamburg ikiwasha mishumaa, wachimbaji wetu bado wako mtoni wanaosha mchanga kwenye jua.

Na hiyo Walikale, je, wajua ukubwa wake? Teritware hiyo moja ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na Rwanda nzima ina 26,338. Ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu kubwa ni msitu mtupu. Ndani ya msitu huo ndipo yalipo machimbo ya dhahabu ya Omate.

Na dhahabu ni jambo la Noeli toka mwanzo. Injili ya Matayo inasema mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Je, wajua zawadi zote tatu zinapatikana upande wetu huu wa Afrika? Uvumba, ule ambao watu wa pwani huuita ubani, hugemwa kwenye miti ya Somalia na ng'ambo yake Oman; manemane hutoka Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Na dhahabu, ndugu yangu, kreseri, yule mchimbaji wa Omate, anayo kwenye karai.

Halafu nani alikuambia mamajusi walikuwa watatu? Matayo hakutaja idadi. Watu walihesabu zawadi tatu, wakagawa kila mtu na yake, na majina ya Gaspari, Melkiori na Baltazari yakaja karne nyingi baadaye. Hata punda na ng'ombe wa kwenye pango la Noeli hawamo katika Injili hata moja. Usiwatoe lakini, watoto watalia.

Lile pango lenyewe? Fransisko wa Asizi alilitengeneza katika kijiji cha Greccio, Italia, Noeli ya mwaka 1223. Mwaka 2023 lilitimiza miaka 800.

Tubaki kidogo kwenye dhahabu, maana inashangaza. Lita moja ya maji ina kilo 1. Lita moja ya dhahabu ina kilo 19 na ushee! Lile dumu la njano la lita 20, likijazwa dhahabu, lingekuwa na kilo 386. Jaribu kulitia kwenye chukudu uone. Uzito huo ndio unaomsaidia mchimbaji: anamwaga mchanga na maji juu ya ubao ulioinama, umetandikwa kitambaa chenye nyuzi, mchanga unateleza na kwenda zake, dhahabu inazama na kunasa kwenye nyuzi.

Je, wajua inavyopimwa ikitoka hapo? Katika soko za dhahabu za mashariki mwa Kongo, mnunuzi huning'iniza mizani ndogo kwa vidole viwili. Upande mmoja punje za dhahabu, upande wa pili kijiti cha kiberiti, au sarafu kuukuu ya enzi za Zaire. Pesa ile haiwezi tena kununua hata ndizi, lakini inapima dhahabu hadi leo!

Gramu moja tu ya dhahabu yaweza kuvutwa ikawa waya wa zaidi ya kilomita 2. Waya huo ungetoka shimoni, ukapita kwenye vibanda vyote vya kambi, ukafika mtoni na kubaki.

Na ilitoka wapi? Wanasayansi wanasema kutoka kwenye nyota! Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo yao ilinasa nyota mbili zilizokufa zikigongana mbali sana, na mwanga wake ulionyesha metali nzito zikitengenezwa papo hapo. Wanaamini dhahabu nyingi ya dunia yetu ilizaliwa kwa migongano ya namna hiyo kabla dunia haijakuwepo. Mamajusi waliifuata nyota huku wamebeba nyota mfukoni, na hawakujua.

Je, wajua wachimbaji wana mtakatifu wao, na sikukuu yake iko ndani ya Majilio? Ni Mtakatifu Barbara, tarehe 4 Desemba. Mwaka 1969 aliondolewa kwenye kalenda ya jumla ya Kanisa, lakini nani awaambie wachimbaji? Poland, Ujerumani na kwingine wanamsherehekea bado, na huko Katanga makampuni ya migodi yaliifanya tarehe 4 Desemba kuwa siku ya watu wa shimoni.

Siku hiyo hiyo Wajerumani hukata tawi kavu la mcheri na kulitia kwenye chupa ya maji ndani ya nyumba. Nje ni theluji, mti mzima umelala. Lakini ikifika Noeli, siku 21 baadaye, tawi lile limechanua maua meupe mezani!

Na kwa kuwa tumetaja shimo: mwaka 2010, nchini Chile, wachimbaji 33 walifukiwa mita 700 chini ya ardhi. Kwa siku 17 hakuna aliyejua kama wako hai, mpaka kekee iliyotoboa mwamba ikapanda juu imefungiwa karatasi yao. Walingoja siku 69 kwa jumla. Walitoka wangapi? Wote 33!

Turudi Walikale, pale Kilambo. Je, wajua kwa miaka mingi ndege zilitua barabarani? Siyo karibu na barabara, ndugu, barabarani penyewe, kwenye kipande cha lami! Pikipiki na magari yanasimamishwa, ndege inashuka na bia, sabuni na nguo, inapakia mifuko ya mawe ya kasiteriti na kuruka, kisha pikipiki zinaendelea na safari. Kama uliwahi kuvaa nguo mpya ya Noeli huko, huenda ilishukia lami.

Kasiteriti ndiyo jiwe linalotoa bati. Mgodi wa Bisie, Walikale, unatoa karibu asilimia 6 ya bati lote la dunia, na mwamba wake una bati tele kuliko mgodi wowote mkubwa unaojulikana. Bati ndilo linalolehemu nyaya za taa ndogondogo za Noeli, zile zinazowaka na kuzima kwenye madirisha ya London na Chicago. Na Rubaya, huko Masisi? Makadirio ni kwamba asilimia 15 au zaidi ya koltani ya dunia inatoka kwenye vilima vyake. Salamu za Majilio unazotuma kwa simu, yaelekea zimepita Masisi kabla hujazituma.

Masisi siyo mawe tu. Mwaka 1954 watawa Watrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, walijenga monasteri Mokoto, kando ya maziwa yake. Watrapisti huamka usiku wa manane kila siku, mwaka mzima, kukesha kwa sala. Mei 1996 vita viliwafukuza, wakimbizi waliokuwa wamejificha kwao wakauawa, lakini jumuiya yao haikufa: iliendelea kukesha huko Keshero, Goma.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penyewe. Je, wajua Mwenye Heri Anuarite, sista wa Kongo, alikufa ndani ya Majilio? Tarehe 29 Novemba 1964 lori la waasi Simba liliingia katika konventi ya Bafwabaka na kuwachukua masista. Fungua kalenda ya mwaka ule: 29 Novemba ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio! Siku mbili baadaye, usiku wa kuamkia 1 Desemba, mjini Isiro, Anuarite Nengapeta alimkatalia kanali aliyetaka kumchukua awe mke wake, akauawa. Alikuwa amebakiza wiki nne tu kufikisha miaka 25. Kabla ya kukata roho alimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe.

Na Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985 kumtangaza Mwenye Heri, alimsamehe muuaji yule mbele ya umati, kwa jina la Kanisa zima. Anuarite ndiye mwanamke wa kwanza wa Kongo kufika hapo. Sikukuu yake ni 1 Desemba, kwa hiyo miaka mingi mshumaa wa kwanza wa Majilio unawaka ndiyo kwanza, na yeye yupo.

Ngoja, kuna la kuongezea. Tarehe 1 Desemba 2019, miaka 55 kamili tangu kifo chake, ilikuwa tena Dominika ya kwanza ya Majilio. Siku hiyo Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa liturujia ya Zaire, wapi? Ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma! Wakongomani walicheza mbele ya altare ile kubwa, na vigelegele vikapanda hadi kwenye kuba.

Liturujia hiyo iliidhinishwa mwaka 1988, na ndani yake wahenga walioishi kwa moyo mnyofu wanaalikwa kwa majina ya heshima kabla ya Misa kushika kasi. Toba haiji mwanzoni kama kwingine. Inakuja baada ya mahubiri. Kwanza usikie Neno, ndipo ujue ulipokosea. Mimi naona ni mpangilio wa watu wenye akili.

Na ile shirika yenu ya mtaani, mnaposali nyumba kwa nyumba na kuwasha mshumaa kwenye meza ya plastiki? Maaskofu wa Kongo waliamua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo mwaka 1961. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujaanza! Wengine wa Afrika Mashariki walifuata kwenye miaka ya 1970.

Mtaguso huo nao ulifungwa lini? Tarehe 8 Desemba 1965, katika Majilio. Siku moja kabla yake, Papa Paulo wa Sita na Patriarka Athenagoras wa Konstantinopoli walifuta laana ambazo Makanisa yao yalirushiana mwaka 1054. Hesabu mwenyewe: laana za miaka 911, zikafutwa kwa karatasi moja.

Je, wajua tumaini lilimponza askofu mmoja wa Kivu? Emmanuel Kataliko aliongoza jimbo la Butembo-Beni, Kivu ya Kaskazini, toka 1966 hadi 1997, akahamishiwa Bukavu baada ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa kuuawa mwaka 1996. Noeli ya 1999, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa RCD, aliwaandikia waamini barua. Aliijenga juu ya Isaya sura ya 40, pale Mungu anapoagiza watu wake wafarijiwe, na juu ya Warumi 5:5, kwamba tumaini halimdanganyi mtu. Februari 2000 waasi walimfukuza Bukavu wakampeleka Butembo. Kwa barua ya Noeli! Watu hawakukubali, na Septemba akarudi mjini kwake. Wiki tatu baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, alifariki Roma.

Lakini angalia kalenda tena. Masomo ya Dominika hugeuka kwa mzunguko wa miaka mitatu, na Majilio ya 1999 yalifungua mwaka B. Somo la kwanza la Dominika ya pili ya Majilio, mwaka B, ni lipi? Isaya 40! Yale maneno yaliyowatia waasi hofu yalikuwa yamekwisha somwa kanisani wiki chache kabla, kwa sauti, na msomaji wa kawaida.

Na Warumi 5:5? Miaka 25 baadaye, mkesha wa Noeli 2024, Papa Fransisko alifungua Jubilei ya mwaka 2025, na barua ya kuitangaza imechukua jina lake kutoka aya hiyo hiyo. Siku mbili baada ya hapo alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia, Roma. Papa kufungua Mlango Mtakatifu gerezani hakukuwahi kuonekana tangu Jubilei zianze.

Isaya 40 ina safari ndefu, bado sijamaliza. Georg Friedrich Händel alianza kwayo utenzi wake mkubwa wa Masiya, alioutunga kwa siku 24 tu mwaka 1741. Ulipoimbwa mara ya kwanza, Dublin 1742, fedha za kiingilio zililipa madeni ya wafungwa 142, wakaachiwa huru. Korali yenu imewahi kumtoa nani gerezani?

Isaya huyo huyo, sura ya 2, anaagua kwamba panga zitafuliwa ziwe majembe. Ni somo la Dominika ya kwanza ya Majilio, mwaka A. Je, wajua kuna watu waliolifanya kweli? Msumbiji, mwaka 1995, Baraza la Kikristo likiongozwa na Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane lilianza kubadilishana na wananchi: lete bunduki, chukua jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwakatwa, na mafundi wa Maputo wakazichonga viti na sanamu. Kiti kimoja cha bunduki kiko leo katika British Museum, London. Masisi na Walikale tunajua bunduki zinavyozagaa. Cherehani zingetutosha kweli?

Na sanamu ya mtu anayefua upanga kuwa jembe, iliyo kwenye bustani ya Umoja wa Mataifa, New York, ililetwa na nani? Na Umoja wa Kisovyeti, mwaka 1959! Serikali isiyomtaja Mungu ikatoa zawadi ya Isaya.

Je, wajua Mlango Mtakatifu wa Jubilei ya Huruma haukufunguliwa kwanza Roma? Ulifunguliwa Bangui, Afrika ya Kati, tarehe 29 Novemba 2015, Dominika ya kwanza ya Majilio. Mji ulikuwa vitani, na washauri wa usalama walikuwa na jasho. Papa Fransisko akausukuma mlango wa kanisa kuu kwa mikono yake, kesho yake akaenda kwenye msikiti wa Koudoukou kukutana na Waislamu. Roma ilisubiri zamu yake hadi 8 Desemba.

Hata karatasi za amani zetu hupenda msimu huu. Mkataba wa Pretoria uliokusudiwa kumaliza vita vikubwa vya Kongo ulitiwa saini 17 Desemba 2002. Matamko ya Nairobi kati ya serikali na waasi wa M23 yalitiwa saini 12 Desemba 2013. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi: Machi 2025 M23 waliingia Walikale mjini kabisa, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mshumaa wa amani tumeuwasha mara nyingi, ndugu, upepo nao haujachoka.

Vuka mpaka tuone jirani. Oktoba 1959 Julius Nyerere, Mkatoliki wa kwenda Misa kila siku, alisema bungeni kwamba Watanganyika wangependa kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro uangaze hadi ng'ambo ya mipaka, ulete tumaini palipokata tamaa. Unadhani yalibaki maneno? Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimama mita 5,895 juu ya bahari, kwenye barafu, akausimika mwenge na bendera. Tazama kalenda: ilikuwa wiki ya kwanza ya Majilio.

Kesho yake tu, 10 Desemba 1961, Albert Luthuli wa Afrika Kusini alipokea Nobeli ya Amani mjini Oslo, Mwafrika wa kwanza kabisa. Zanzibar ikapata uhuru 10 Desemba 1963, Kenya 12 Desemba 1963. Uhuru wa jirani zetu umeangukia Majilio mara tatu!

Nobeli ya Amani hutolewa kila tarehe 10 Desemba, kwa hiyo daima iko ndani ya Majilio. Wangari Maathai alisimama pale 2004. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu na mwanzilishi wa hospitali ya Panzi, alisimama pale 2018, na akinamama wa Kivu walipiga vigelegele ambavyo Oslo haijavizoea.

Na Goma je? Floribert Bwana Chui alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, akakataa rushwa ya kupitisha chakula kilichooza, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Novemba 2024, siku chache kabla ya Majilio, Papa alikubali kwamba alikufa shahidi. Tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenye Heri, Roma. Alikuwa mwanajumuiya ya Sant'Egidio, ile ambayo tangu 1982 hutandika meza za Noeli kwa ajili ya maskini ndani ya kanisa. Ndani, siyo uani!

Tafakari za Majilio zilizoandikwa kwa shida kuliko zote? Nadhani ni za padri Mjesuiti Alfred Delp. Desemba 1944 alikuwa gereza la Tegel, Berlin, mikono imefungwa pingu, akaandika hivyo hivyo, na karatasi zikatoka zimefichwa kwenye nguo za kufuliwa. Tarehe 8 Desemba aliweka nadhiri zake za mwisho humo humo gerezani. Alinyongwa 2 Februari 1945, ana miaka 37, na Wajerumani wanamsoma hadi leo kila Majilio.

Unalalamika wiki nne ni nyingi? Okapi, mnyama ambaye porini hupatikana Kongo pekee, hubeba mimba miezi 14 hadi 15. Tembo, miezi 22! Na sokwe wakubwa wa nyanda za mashariki, wanaoishi pia katika misitu ya Walikale, mwaka 2016 walikadiriwa 3,800 tu. Hesabu mpya ya 2021 ikakuta takriban 6,800. Watu walikuwa wamekwisha waandikia tanzia.

Haraka haraka sasa. Je, wajua katika Majilio utenzi wa Utukufu unanyamazishwa, lakini Aleluya inabaki? Kwaresima inanyamazisha zote mbili. Na Dominika ya tatu padri huvua zambarau akavaa rangi ya waridi, siku ya kupumua; usimcheke, kanzu hiyo ni ya mara mbili tu kwa mwaka.

Kuanzia 17 hadi 23 Desemba, Masifu ya Jioni yana viitikio saba vya zamani sana, kila kimoja kikimwita Masiya kwa jina jingine. Chukua herufi ya kwanza ya kila jina kwa Kilatini, anza na la mwisho rudi la kwanza, utapata sentensi: kesho nitakuwepo. Huenda waliotunga walikuwa wanacheza, na mchezo umedumu zaidi ya miaka elfu.

Je, wajua Wakimbangu, mamilioni ya Wakongomani, hawangoji Noeli mwezi Desemba? Wao huiadhimisha 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana, mwana wa Simon Kimbangu. Na Kimbangu mwenyewe alikaa gerezani miaka 30, toka 1921 hadi kifo chake 1951. Kanisa lake lilimngoja likiwa mafichoni, na likakua.

Milano, Italia, Majilio yana Dominika sita, siyo nne. Karne ya 5, Askofu Perpetuus wa Tours, Ufaransa, aliagiza watu wafunge siku tatu kila wiki toka 11 Novemba hadi Noeli. Waorthodoksi wa Ethiopia wanawapita wote: siku 43 bila nyama, bila maziwa, bila yai, na Noeli yao ni 7 Januari. Kwa hiyo tarehe 25 Desemba, wewe ukiwa unapasua kuku na kumimina mchuzi juu ya bugali, Waorthodoksi wa Addis Ababa bado wanakula dengu, na siku zimebaki 13.